Hisa Hazili Nyasi

Farhiya Awale aliuza ng'ombe wa urithi wake hadharani, siku ya soko, pale Nanyuki, mbele ya watu waliomjua tangu akibebwa mgongoni na mama yake. Aliwasimamisha uwanjani kama mchuuzi mwingine yeyote, akabishana na madalali kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na jua lilipofika utosini hakuwa amebaki na hata ndama.

Mama yake, Istahil, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mifugo aliyoiacha iligawanywa jinsi dini inavyoagiza. Baba alichukua sehemu yake, kaka mkubwa Najib akachukua yake, na Farhiya akapata nusu ya ile ya kaka. Hakuna aliyenung'unika. Watu walishangazwa na kile alichokwenda kukifanya na hiyo nusu.

"Nimesikia unanunua karatasi," Najib alimwambia palepale sokoni, fimbo ikiwa begani.

"Si karatasi. Ni hisa za kampuni zinazotengeneza mashine."

"Mashine gani? Matrekta?"

"Mashine za kutengeneza chipu. Zile zilizo ndani ya simu yako."

Najib aliitazama simu yake, kisha akamtazama dada yake. "Abaayo, ng'ombe akifa unakula nyama na ngozi unauza. Hisa ikifa utakula nini?"

Waliokuwa karibu walicheka. Farhiya naye alicheka, maana swali lilikuwa zuri. Lakini hakumrudishia mnunuzi yeyote pesa zake.

Hakuwa ameota ndoto hiyo usiku mmoja. Alikuwa amesomea uhandisi, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifanya kazi Nyeri, katika maabara ndogo ya chipu iliyoko kwenye chuo kimoja. Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya chumba kisichotakiwa kuwa na hata chembe ya vumbi. Kila aliyeingia alivaa suti nyeupe kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na mwenzake Theuri alipenda kutania kwamba ni Farhiya pekee, kwa hijabu yake, aliyefika kazini akiwa tayari amevaa nusu ya sare.

Siku moja kifaa kimoja ndani ya mashine yao kubwa kiliharibika. Kilikuwa kidogo, cha kutosha kiganjani. Chumba kizima kilisimama. Barua pepe zilikwenda na kurudi, na wiki baada ya wiki watu walikunywa chai na kungoja, kwa sababu duniani hakukuwa na mtu mwingine wa kuuliza ila yule aliyeitengeneza. Theuri alilalamika. Farhiya alikaa akifikiri. Viwanda vya chipu vingeweza kushindana mpaka vitoane macho, leo huyu mbele, kesho yule, lakini vyote vilikuwa lazima vipange foleni kwenye milango ileile michache kununua mashine. Basi akaanza kusoma. Alisoma taarifa za mwaka za kampuni hizo kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Akamwendea shehe mmoja msomi pale Nanyuki kumuuliza kama hisa za namna hiyo zinafaa kwa Mwislamu, na shehe akamuuliza kuhusu madeni ya kampuni na riba, akafikiri, akamwambia zipi aziache. Aliziacha. Hakukopa hata senti. Alichonunua kilikuwa chake, kama ng'ombe walivyokuwa wake.

Halafu ukaja mwaka wa 2022.

Mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu. Kutoka Nanyuki kwenda kaskazini, nchi iligeuka rangi ya ngozi kavu. Wafugaji walipandisha mifugo kuelekea mlimani, na mlima wenyewe ulikuwa na nyasi za kugombania. Mwaka huohuo, huko ng'ambo, soko la hisa nalo lilianza kuporomoka. Riba zilipanda, watu wakaogopa, na waliouza kwanza kabisa ni wenye hisa za teknolojia. Kampuni za Farhiya zilishuka tangu Januari, zikapumua kidogo, zikashuka tena.

Theuri naye alikuwa amenunua chache baada ya kumsikia Farhiya akizizungumzia. Siku moja kantini aliweka kikombe chini na kusema, "Mimi nimetoka."

"Umetoka wapi?"

"Kwa hiyo maneno ya hisa. Nimeuza zote. Ata wazungu wenyewe wanakimbia, Farhiya. Wewe unabaki ukifanya nini?"

"Mashine yetu ikiharibika kesho, tutampigia nani?"

"Walewale."

"Na kiwanda cha Taiwan kikitaka kupanua, kitanunua kwa nani?"

"Walewale. Rakini bei—"

"Bei ni hofu ya watu. Mimi sikununua hofu ya watu."

Theuri alitikisa kichwa. "Niko na watoto wawili shule. Siwezi ngoja kama wewe."

Hilo Farhiya hakulibishia. Mwenye haja ya pesa mwezi huu hafai kuweka pesa mahali pa kungoja miaka, naye aliujua ukweli huo. Lakini yeye alikuwa na mshahara, chumba cha kupanga Nyeri na gari dogo la Vitz. Hakuwa na sababu ya kuuza isipokuwa woga, na woga aliamua kuukatalia.

Kukataa kwa mdomo ni rahisi. Mwezi wa kumi Marekani ilitangaza kuzuia mashine za aina fulani zisiuzwe Uchina, na Uchina ilikuwa mnunuzi mkubwa. Farhiya alikuwa kwenye chumba cha ndani, simu ikiwa kabatini. Alipotoka na kuvua suti nyeupe, akafungua app ya simu, kila kitu kilikuwa chekundu. Urithi wa mama yake ulikuwa umebaki kama nusu. Alikaa kwenye benchi la viatu, akamkumbuka mama yake akikamua alfajiri, mikono imefunikwa na povu, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama Najib alisema kweli.

Alitawadha, akaswali. Jioni alirudia kusoma taarifa zote tangu mwanzo, si bei, bali kazi zenyewe. Maagizo ya mashine yaliyongojwa yalikuwa mengi kuliko yalivyopata kuwa. Biashara ya Uchina ingepungua, ndiyo, lakini viwanda vipya vilikuwa vinachimbiwa misingi katika nchi nyingine. Mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia, alinunua nyingine.

Wiki iliyofuata baba yake alimpigia simu. Mzee Awale hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu. "Njoo nyumbani Jumamosi," alisema. "Ami yako atakuwepo."

Sebule ya mzee Awale pale Nanyuki ilikuwa imetandikwa mazulia, na mito ya kuegemea imepangwa ukutani. Ami Abdirizak, mdogo wa baba, alikaa mahali pa heshima. Shangazi Marwo alikaa karibu na mlango, birika la chai ya maziwa mbele yake. Najib alikuwa amekonda. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua, na viatu alivyoviacha mlangoni vilikuwa vyeupe kwa vumbi la malisho.

Ami Abdirizak ndiye aliyeanza. "Farhiya, mwanangu, hali umeiona njiani. Ng'ombe wa kaka yako wanakufa. Nyasi hakuna, na zilizopo bei yake haishikiki. Tumekaa tukasema, kuna mali ya Istahil iliyo kwako, imelala tu kwenye simu. Tena tunasikia inaoza. Uza kilichobaki, umpe Najib aokoe mifugo ya mama yenu. Mvua ikinyesha, atakulipa kwa mitamba."

Ilikuwa hoja nzuri, na ilisemwa kwa upole. Farhiya alihisi macho yote yakimgusa.

"Ami, sitauza," alisema.

Shangazi Marwo aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Hata hujamaliza kufikiri!"

"Nimefikiri mwaka mzima, Shangazi. Nikiuza leo, nauza kwa bei ya mtu anayekimbia moto. Na hizo pesa zitanunua nyasi za wiki chache. Zikiisha, tutauza nini tena?"

"Kwa hiyo wafe," Najib alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka.

"Walaal, wauze. Jumanne ni soko. Uza madume, uza wazee, bado wana miguu ya kupanda lori. Baki na mitamba na wenye mimba, hao tuwatafutie chakula."

"Unajua bei ya ng'ombe leo? Wanunuzi wa Nairobi wanakuja wakitucheka. Siuzi ng'ombe wa hooyo, wa mama yetu, kwa bei ya mbuzi!"

"Na mimi siuzi hisa za hooyo kwa bei ya kuku."

Ami Abdirizak alikunja uso. "Basi nyote wawili mko sawa. Yeye anang'ang'ania chake, nawe unang'ang'ania chako. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni moja, Ami. Hisa hazili nyasi." Farhiya alimgeukia ami yake. "Hazinywi maji. Naweza kuziacha pale miaka mitatu, nisizitazame, na kampuni itaendelea kuuza mashine. Ng'ombe hangoji. Kila siku Najib anayongoja bei ipande, ng'ombe anapungua kilo, mpaka siku inafika hauziki hata kwa bei ya mbuzi. Bei ya chini si ugonjwa wa hisa. Njaa ndiyo ugonjwa wa ng'ombe. Anayepaswa kuuza leo si mimi."

"Moyo wako umekuwa chuma," Shangazi Marwo alisema, "kama hizo mashine zako."

Maneno hayo yalimchoma Farhiya kuliko yote, maana shangazi ndiye aliyeosha maiti ya mama yake.

Mzee Awale alikuwa bado hajasema kitu. Aliizungusha tasbihi yake mkononi, akamgeukia binti yake. "Nyasi za hao watakaobaki, utazitoa wapi?"

"Mwea, Aabo. Wamemaliza kuvuna mpunga. Mabua yamejaa mashambani."

"Kwa pesa gani, kama huuzi?"

"Hilo niachie."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kitu gizani. "Jumanne nitauza wangu," alisema. "Madume yote." Najib alisimama, akavaa viatu vyake vya vumbi, akatoka bila kuaga.

Jumatatu Farhiya aliuza ile Vitz, kwa mwalimu mmoja wa Nyeri aliyekuwa ameitamani siku nyingi. Theuri alipomwona akishuka kutoka bodaboda getini alishindwa kujizuia. "Ati umeuza gari na hisa umeacha? Gari si unaendesha? Hisa unaendesha?"

"Gari linapoteza bei kila mwaka hata soko likiwa zuri," Farhiya alimjibu, akilipa bodaboda. "Lenyewe ndilo nililopaswa kuliogopa."

Alichukua likizo akaenda Kutus. Alizunguka mashamba ya Mwea akijadiliana na wakulima, viatu vikijaa tope la mpunga, mpaka akapata marobota ya mabua ya kutosha kujaza lori. Mwenye lori aliitwa Mwai, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, ambaye alimsikiliza akieleza anakoyapeleka kisha akauliza kama yeye ndiye mke wa mwenye ng'ombe.

"Mimi ni dada yake."

"Na yeye ako wapi?"

"Amekasirika."

Mwai alicheka mpaka kofia ikasogea. "Sawa. Tumpelekee hasira yake chakula." Akapandisha lori kupitia Sagana na Karatina, gia za chini, na mlimani ule mzigo ukayumba hata Farhiya akashika mlango kwa mikono miwili.

Najib aliwaona wakiingia malishoni. Hakusema karibu wala asante. Alipanda juu ya lori, akaanza kushusha marobota, moja baada ya jingine, na Farhiya akayapokea chini. Walifanya kazi hivyo mpaka lori likabaki tupu. Wale mitamba wa baba walisogea wenyewe, wakaanza kutafuna mabua makavu kana kwamba ni majani ya kwanza ya masika.

Lakini Najib hakuwa ameuza hata mmoja siku ile ya soko. Kundi lake lilikuwa kubwa mno kwa mabua hayo, na madume na wazee wakala chakula kilichokusudiwa wenye mimba. Kabla mwezi haujaisha walianza kuanguka. Adey, ng'ombe mweupe ambaye mama yao alimkamua mwenyewe hadi wiki ya mwisho ya maisha yake, alilala asubuhi moja na hakuinuka. Farhiya alikuja kutoka Nyeri kwa matatu. Alimkuta kaka yake amekaa chini karibu na mzoga, mkono juu ya pembe.

Alikaa naye.

"Ungeuza zile hisa," Najib alisema, "huyu angekuwa hai."

"Labda."

"Labda tu?"

"Labda, walaal. Sitakudanganya kwamba asingekuwa hai. Lakini ningeuza ningekuwa sina kitu, na wewe ungekuwa na ng'ombe wengi wenye njaa mwezi unaofuata. Nilichagua. Kama ni kosa, ni langu, na sitalikana."

Najib alilia. Farhiya hakumgusa, maana alimjua, lakini hakuondoka. Kisha yeye mwenyewe akalia, kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya mama, na kwa kuwa hata wakati huo, na mzoga mbele yake, alijua kwamba angeamua vilevile.

Jumanne iliyofuata Najib aliswaga ng'ombe waliobaki na nguvu hadi sokoni. Aliuza kwa bei ya aibu. Majike wenye mimba alibaki nao, na lori la pili la Mwai lilipofika, alikuwa amekuja barabarani kulingoja.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, na haikuja kwa adabu. Barabara ya malishoni ilikatika, na watu waliokuwa wakilia ukame wakaanza kulia tope. Wale majike walizaa. Kundi la Najib lilikuwa dogo, lakini lilikuwa kundi.

Na hisa? Zilipanda, kwanza polepole hata Farhiya hakuamini, halafu kwa kishindo. Dunia ilianza kusema habari za akili mnemba, kila mtu akataka chipu mpya, na wenye viwanda wakarudi kupanga foleni kwenye milango ileile. Kufikia mwaka wa pili alikuwa na zaidi ya thamani ya ng'ombe aliowauza, hata ukihesabu na ndama ambao wangezaliwa. Hapo, siku ambayo hakuna aliyekuwa akimshika koo, aliuza sehemu ndogo. Alimnunulia baba yake tangi kubwa la maji la kuvunia mvua, na akamnunulia Shangazi Marwo tiketi ya umra. Shangazi aliipokea tiketi kwa mikono miwili, akasema, "Bado moyo wako ni chuma," akambusu kwenye paji la uso.

Najib hakuwahi kusema kwamba alikosea. Sokoni alizoea kuwaambia watu kuwa dada yake ana bahati, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mara ya kwanza Farhiya alikasirika, akataka kumwuliza ilikuwa bahati gani ile ya kununua tena mwezi ambao urithi ulikuwa umebaki nusu. Baadaye aliacha. Hakuwa amefanya ili asifiwe na soko la Nanyuki, wala na soko lolote.

Mwaka wa 2025, siku chache baada ya Idi, bei ziliporomoka tena. Safari hii ilikuwa habari ya ushuru wa forodha, na ziliporomoka kwa siku mbili tatu kama ukuta ulionyonya maji. Farhiya alikuwa amekwenda nyumbani Nanyuki mwisho wa wiki. Familia ilikuwa imezunguka sinia la wali na nyama ya mbuzi, mvua ikipiga mabati, na Ami Abdirizak, aliyekuwa ameanza kufuatilia habari hizo kimyakimya, aliinua uso kutoka kwenye simu.

"Farhiya, umeona? Zimeanguka vibaya. Wataalamu kwenye televisheni wanasema huu ni mwanzo tu."

"Nimeona, Ami."

"Na safari hii? Hata nusu hutoi? Nusu tu, mwanangu, kwa usalama."

"Hata moja."

Shangazi Marwo alifungua mdomo. Ami naye alikuwa bado ana la kusema, kidole kimeinuliwa. Lakini Najib, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia, akiwa anachambua nyama kwenye mfupa, ndiye aliyewakatiza wote.

"Mwacheni," alisema. "Mlima huu utahama uende Mombasa kabla hajauza huyu."

Akausukuma mfupa wenye nyama nyingi upande wa dada yake, naye Farhiya akaupokea, akala.